Presha sugu, TB sugu, UTI sugu: je, ni usugu mmoja?

Swali limetoka kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Rungwe: "Shikamoo daktari. Katika kaya ninazozitembelea kuna watu watatu walioambiwa wana ugonjwa sugu. Mama yangu mkubwa ameambiwa ana presha sugu. Kijana wa jirani, aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya, ameambiwa ana TB sugu. Binti mmoja anayeuza ndizi sokoni amenunua dawa mara kadhaa kwa ugonjwa anaoambiwa ni UTI sugu. Majirani wanawachukulia wote watatu sawasawa: hawataki kunywea kikombe kimoja na mama mkubwa, na kijana wanamwambia ugonjwa wake hauna dawa. Neno 'sugu' lina maana gani kitaalamu, na niwaeleweshe vipi?"

Marahaba. Wagonjwa wako watatu wamebebeshwa neno moja ilhali hali zao hazifanani, kwa hiyo nitaanza na yale unayoweza kwenda kuwaambia majirani leo hii. Mama yako mkubwa hawezi kumwambukiza mtu yeyote presha, hata wakinywea kikombe kimoja kila siku. Kijana ana ugonjwa unaoambukiza kwa njia ya hewa, lakini una dawa na watu wanapona. Binti wa sokoni huenda hana usugu wa aina yoyote, na jambo hilo haliwezi kujulikana kabla mkojo wake haujaoteshwa maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe na kujaribiwa kwa dawa.

Katika Kiswahili cha kila siku, sugu ni kwanza ile ngozi iliyokomaa na kuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama kwenye kiganja cha mtu aliyeshika jembe miaka mingi au kwenye paji la uso la mtu anayesujudu sana. Kutoka hapo neno likahamia kwenye tabia, ndiyo maana tunasema mhalifu sugu, mlevi sugu, na wale wadaiwa sugu wa Bodi ya Mikopo ambao huogopa majina yao kutajwa gazetini. Sisi wa Mbeya tumekuwa hata na mbunge, Joseph Mbilinyi, aliyewakilisha Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020 na ambaye wengi humwita Sugu, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa jina hilo ni la ugonjwa. Katika matumizi hayo yote mawazo mawili hukaa pamoja bila kugombana: jambo limedumu muda mrefu, na tena halisikii. Mdaiwa sugu ni yule aliyekaa na deni miaka mingi na ambaye barua za kumkumbusha hazimgusi. Kwa deni hakuna hasara kuyachanganya mawazo hayo, lakini katika tiba lazima yatenganishwe, kwa sababu kudumu ni sifa ya ugonjwa ndani ya mtu, na kutosikia dawa, kwa sehemu kubwa, ni sifa ya kimelea kinachosababisha ugonjwa huo.

Maana ya kwanza, basi, ni ya muda. Daktari akisema ugonjwa ni sugu kwa maana hii, anasema tu kwamba umekaa, au unatarajiwa kukaa, kwa muda unaozidi kiwango fulani, na kiwango hicho hutofautiana kutoka ugonjwa hadi ugonjwa. Kasoro ya figo huitwa sugu ikidumu kwa zaidi ya miezi 3. Homa ya ini ya aina B huitwa sugu pale alama ya virusi inapoendelea kuonekana kwenye damu kwa miezi 6 au zaidi. Kuhara kwa mtoto huhesabiwa kuwa kwa muda mrefu kukifika siku 14, na hapo mhudumu hatakiwi kuendelea kutoa maji ya chumvichumvi peke yake na kungoja. Mkamba huitwa sugu mgonjwa anapokohoa na kutoa makohozi kwa miezi 3 katika mwaka, miaka miwili mfululizo, na huku kwetu, ambako Juni na Julai watu hufunga madirisha na kuota moto ndani ya jiko lenye moshi, hali hiyo huwapata hata akina mama ambao hawajawahi kushika sigara.

Sugu ya muda haisemi chochote kuhusu ukali. Pumu ni ugonjwa sugu, lakini mwenye pumu anayetumia dawa zake vizuri anaweza kumaliza mwaka bila kubanwa, wakati kidole tumbo, ambacho hakina usugu wowote, kinaweza kumuua mtu ndani ya siku chache. Wala haisemi chochote kuhusu kuambukiza. Watu wengi huchanganya magonjwa sugu na magonjwa yasiyoambukiza kwa sababu kisukari, presha na siko seli yamo katika makundi yote mawili, lakini maambukizi ya VVU ni ya kudumu na yanaambukiza, hali kadhalika homa ya ini B.

Mfano wa sugu ya muda unaotuhusu zaidi watu wa Nyanda za Juu Kusini hauna homa, hauna maumivu, na mara nyingi hauna hata mgonjwa anayejua kuwa anaumwa. Ni utapiamlo sugu, ambao tumeuzoea kwa jina la udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara yaliyoanza tangu akiwa tumboni. Katika utafiti wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022, udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulikuwa asilimia 30 kitaifa, lakini Iringa ulikaribia asilimia 57, na Njombe na Rukwa ulikuwa takriban nusu ya watoto. Mikoa hiyo ndiyo inayolisha nchi kwa mahindi na viazi. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana utapiamlo hutazama mashavu ya mtoto, huyaona yamejaa, na kukataa. Na kwa kipimo cha mashavu hakosei, kwa maana mashavu huonyesha utapiamlo wa ghafla, wala hayaonyeshi ule uliodumu. Ukitaka kuuona ule wa kudumu, tumia ubao wa kupimia urefu.

Niseme pia neno moja kuhusu "kali", ambalo hutumika kama kinyume cha "sugu". Lina utata wake, kwa kuwa linabeba ghafla na nguvu kwa wakati mmoja: homa kali ya mapafu inaweza kumaanisha iliyoanza jana au inayotishia maisha. Ninapowaandikia wagonjwa maelezo huwa ninapenda kuandika "ya ghafla" au "hatari" waziwazi kuliko kuwaachia wabahatishe.

Maana ya pili ya sugu ni ile ya kutosikia dawa, na hapa anayebadilika ni kimelea. Bakteria, virusi, fangasi na vimelea vya malaria huzaliana kwa wingi mno, na katika kuzaliana huko hutokea makosa madogo ya urithi. Mara chache kosa moja humpa kimelea uwezo wa kuvumilia dawa fulani. Dawa ikitumika, wenzake wote hufa, yeye hubaki, huzaa, na kizazi chake hurithi uwezo huo. Serikali yetu imeliita jambo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na ninaona jina hilo limechaguliwa kwa makini, kwa sababu linataja vimelea na linataja dawa. Maneno tunayoyasikia mitaani, kwamba "mwili wake umezoea dawa" au kwamba "damu yake imekuwa sugu", yanamtwisha mgonjwa mzigo usio wake. Mtu hawi sugu kwa antibayotiki. Bakteria waliomo ndani yake ndio walio sugu, na wakitoka kwake kwenda kwa mwingine huhama na usugu wao.

Utata wenyewe una mizizi katika sarufi. Sugu ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha ngeli. Nikisema "vimelea vya ugonjwa vikali", umeshajua kwamba vilivyo vikali ni vimelea. Nikisema "vimelea vya ugonjwa mkali", umejua kwamba mkali ni ugonjwa. Lakini nikisema "vimelea vya ugonjwa sugu", lugha haikuambii ni kipi kilicho sugu kati ya viwili hivyo. Upatanisho wa kisarufi, ambao katika sentensi zetu nyingi huondoa mashaka kama hayo, hapa haupo kabisa, na msikilizaji hujaza mwenyewe kwa hofu aliyonayo.

Sasa turudi kwa kijana aliyetoka Chunya. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4 inayofuata. Wingi huo wa dawa una sababu. Kosa la urithi linalompa bakteria wa kifua kikuu ustahimilivu dhidi ya rifampisini hutokea, kwa makadirio yanayotumika sana, kwa bakteria mmoja katika takriban milioni 100, na pafu lenye pango la kifua kikuu linaweza kuwa na bakteria zaidi ya idadi hiyo. Dawa moja peke yake ingewaua wengi na kuwaachia shamba wale wachache. Tunaposema TB sugu tuna maana ya bakteria ambao rifampisini, na mara nyingi isoniazidi pia, haziwaui tena. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwishoni mwa mwaka 2010, husoma vinasaba vya bakteria kutoka kwenye makohozi na kutoa jibu la rifampisini kwa takriban saa mbili, kwa hiyo usugu wa kijana wako haukukisiwa kwa kuangalia amekohoa muda gani. Mtu anaweza kukohoa mwaka mzima kwa TB inayosikia dawa vizuri kabisa, na mwingine akakohoa wiki tatu akiwa na TB sugu.

Jambo ambalo ningependa majirani walisikie kutoka kinywani mwako ni kwamba kijana huyu si lazima awe aliacha dozi. Ni kweli kwamba kukatiza dawa huzalisha usugu, lakini wagonjwa wengi wa TB sugu huvuta hewani bakteria ambao tayari walikuwa sugu kabla ya kuwafikia. Machimboni hali huwa ngumu zaidi, kwani vumbi la mawe yenye silika huharibu kinga ya mapafu, na wachimbaji hulala wengi katika vibanda visivyo na hewa. Kumhukumu kwamba amejitakia ni kukosea ukweli, na pia ni kumfanya afiche makohozi yake.

Je, hauna dawa? Kauli hiyo ina historia. Tanzania ilianza kutibu TB sugu mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa mgonjwa wa Tukuyu au Makete alilazimika kusafiri hadi huko, akadungwa sindano kwa miezi na kumeza vidonge kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na baadhi walirudi wamepoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya sindano hizo. Aliyeshuhudia hayo hakukosea kuogopa. Baadaye huduma ilisogezwa mikoani, sindano zikaondolewa katika tiba za kawaida, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya vidonge pekee, yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, kwa miezi 6 kwa wagonjwa wengi wenye umri wa miaka 14 na kuendelea. Muda huo ni sawa na wa TB ya kawaida, na kwa hiyo ugonjwa ulio sugu kwa maana ya pili unaweza usiwe sugu kwa maana ya kwanza. Kuhusu vikombe, TB haienezwi kwa vyombo, iwe sugu au isiwe. Hewa ya chumba kilichofungwa ndiyo ya kuangalia, kwa hiyo madirisha yafunguliwe hata kwenye baridi, na wote wanaoishi naye wapimwe.

Kwa mama yako mkubwa mambo yana mzunguko kidogo, na ndiyo maana ninakuomba uone kadi yake ya kliniki. "Presha sugu" inaweza kumaanisha shinikizo la juu la damu kama ugonjwa wa kudumu, yaani vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, jambo la kawaida kwa umri wake. Lakini kuna hali nyingine, isiyo ya kawaida sana, ambapo presha haishuki kufikia lengo hata kwa dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ikiwa ya kukojosha, zote kwa dozi inayotosha. Hiyo nayo huitwa sugu, na kimelea hakihusiki kabisa. Kabla ya kukubali kwamba ni hii ya pili, hakikisha kwamba dawa zinamezwa kila siku na hazikatizwi pesa zinapoisha, kwamba hamezi diklofenaki kwa ajili ya magoti, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hupandisha presha na kuumiza figo, kwamba chumvi imepunguzwa kweli, na kwamba kanda ya kipimo inatosha mkono wake. Katika kazi yangu nimeona presha nyingi zilizoitwa sugu zikishuka baada ya mambo haya madogo kurekebishwa. Yasiposaidia, aende kwa daktari achunguzwe figo na homoni.

VVU ndipo mahali ambapo maana zote mbili hukutana kwa mtu mmoja, na kwa kuwa Njombe imeongoza nchini kwa kiwango cha asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023, wahudumu wa kanda yetu hawana budi kuitofautisha lugha yao. Mtu anayemeza dawa na ambaye wingi wa virusi umeshuka ana ugonjwa sugu kwa maana ya kudumu, na virusi wake hawana usugu wowote unaomsumbua. Ukimwambia "una VVU sugu" bila maelezo, anaweza kudhani dawa zimeshindwa na kuziacha, na hapo ndipo usugu wa maana ya pili hupata nafasi.

Malaria sugu nitaigusa kwa ufupi. Neno hilo lilikuwa la kweli kabisa wakati klorokwini iliposhindwa, ikaondolewa mwaka 2001, na SP (sulfadoksini na pirimethamini) iliyochukua nafasi yake ikaondolewa nayo baada ya miaka michache ili kupisha dawa ya mseto. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisini vimeripotiwa mkoani Kagera, na hilo ni la kufuatiliwa kwa makini. Lakini mtu wa Tukuyu anayesema ana malaria sugu kwa sababu huugua kila akirudi kutoka Kyela, mara nyingi ameumwa na mbu wapya huko ziwani, au homa yake si malaria kabisa. Apimwe kila mara.

Anabaki binti wa sokoni, na huyu ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, maana "UTI sugu" ni neno lililokwisha kuwa la biashara. Mabango ya waganga na matangazo ya simu huahidi kutibu UTI sugu, fangasi sugu na vidonda vya tumbo sugu kwa chupa moja, na wala hawasemi ni kitu gani kilicho sugu dhidi ya nini. Kitaalamu, maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia ni yale yanayotokea mara 2 au zaidi katika miezi 6, au mara 3 au zaidi katika mwaka, na kujirudia si sawa na usugu: inawezekana kila mara bakteria walikufa vizuri kwa dawa, kisha wengine wakaingia. Inawezekana pia kwamba bakteria ni sugu kweli, kwa sababu E. koli, ambaye ndiye msababishi mkuu, ameshastahimili ampisilini na kotrimoksazoli kwa kiwango kikubwa nchini. Na inawezekana kabisa kwamba hana UTI. Muwasho na uchafu ukeni hutokana na fangasi au magonjwa ya zinaa mara nyingi zaidi, na dawa alizonunua mara kadhaa, kama zilikuwa antibayotiki, huweza kuua bakteria walinzi wa uke na kuwapa fangasi nafasi ya kustawi.

Mpe rufaa aende kituo cha afya au hospitali yenye maabara ya kuotesha mkojo, na umwambie asimeze antibayotiki yoyote ya dukani kabla ya kutoa sampuli, kwa kuwa dozi iliyoanza huzuia bakteria kuota na jibu hutoka safi kwa uongo. Mkojo uwe wa katikati, baada ya kujisafisha, kwenye chombo alichopewa na maabara. Majibu huchukua siku 2 au 3, na karatasi atakayopewa itaorodhesha dawa moja baada ya nyingine, ikionyesha zipi bakteria wake wanazisikia na zipi hawazisikii. Akiwa na homa, maumivu ya kiunoni au mimba, asingoje siku hizo. Aonwe na daktari siku hiyohiyo. Katika daftari lako, kwa wote watatu, acha kuandika "sugu" peke yake: mama mkubwa muandikie "presha ya kudumu" mpaka kadi iseme vinginevyo, kijana "TB, bakteria sugu kwa rifampisini, yuko kwenye matibabu", na binti "dalili za mkojo zinazojirudia, anasubiri majibu ya kuotesha".